Mchora Mabango Ndani ya Skrini

Miaka ishirini na sita naandika kuta za Moshi:
duka la dawa Mbuyuni, saluni tatu za Majengo,
bucha la Kiborloni, lile la ng'ombe anayecheka.
Najua herufi inavyotakiwa kusimama
isomwe na mtu mwenye haraka, mwenye jua machoni,
mwenye mtoto mgongoni na chenji isiyotimia.

Basi jana Aikande, binti wa dada yangu,
akanipa padi. "Shika, mjomba. Ua mazimwi."

Dakika ya kwanza nilijiona: kijibwana cha kijivu,
kofia ya chuma, kivuli chini ya miguu.
Dakika ya pili mchawi wa upande wetu akamwaga buluu,
mwenzake akamwaga moto,
mbwa wangu wa kuzimu (sijui nilimfuga lini)
akacheua moshi wa zambarau,
na kila pigo likaruka na tarakimu yake,
elfu nne, elfu tisa, elfu kumi na mbili na ushee,
njano juu ya nyeupe juu ya njano,
mnada wa watu hamsini na hakuna anayenunua.

Chini, mali za marehemu, kila kitu na jina lake:
glovu iliyopasuka, mkanda uliochakaa,
glovu iliyopasuka, glovu iliyopasuka,
majina yamebebana mgongoni hadi katikati ya skrini.
Pembeni ramani. Juu ya ramani ujumbe.
Juu ya ujumbe kidoa kinachopepesa
kuniambia kuna ujumbe.

"Mimi ni yupi?"
"Huyo hapo."
"Yupi?"
"Huyo anayekufa."

Kulikuwa na duara, akasema. Jekundu, sakafuni,
nusu sekunde kabla rungu halijashuka.
Ukiliona, unaruka.
Jekundu! Juu ya lava. Chini ya moto wetu wenyewe.
Nani aliandika onyo kwa rangi ya ukuta?
Mzee Oforo aliyenifundisha kazi
angemchapa vidole kwa mpini wa brashi.
Neno linalookoa, alikuwa akisema, huku anakoroga rangi,
liachie ukuta mzima.

Tukaingia kwenye mipangilio.
Tukazima tarakimu. Tukaficha glovu.
Moto wa wenzetu tukaushusha hadi makaa.
Aikande akanuna: "Sasa hakupendezi."
Kweli, hakukupendeza.
Palibaki pango, jitu, na mimi,
na lile duara, limekaa kimya kama donda.
Nikaruka.
Sikuruka vizuri,
lakini nilijua ninachokiruka.

Leo asubuhi, kona ya shule, nimesimamisha baiskeli.
Vocha. Chipsi. Fundi simu. Meno. Chipsi tena.
Mabango tisa kwenye nguzo mbili, na matano ni mkono wangu:
S yenye mkia, naijua kama saini.
Nyuma ya mkia huo, pembetatu yenye kutu,
watoto wawili wa rangi nyeusi wameshikana mikono, wanavuka,
wamezibwa hadi mabegani na kuku wa kukaanga.

Nilimtoza Mama Ndeshi elfu arobaini kwa kuku yule.
Nilimng'arisha kwa vanishi mara mbili.

Ngazi ninayo nyumbani. Bisibisi ninayo.
Fedha ya kumrudishia sina,
na ndiyo hesabu niliyokuwa naipiga
bodaboda ilipoikata kona bila kupunguza,
na mtoto wa sweta la kijani tayari ana mguu mmoja kwenye lami,
macho yake kwenye andazi.

Sikumbuki kuiangusha baiskeli.
Nakumbuka nimesimama katikati ya barabara,
mikono juu, brashi mfukoni, bila kofia ya chuma,
nikipiga kelele neno moja.

Dereva alinitukana, akanitukania na ukoo.
Lakini alinisoma.

Jioni naenda kwa Mama Ndeshi
tuzungumze habari za kuku.